Maafa huingilia getini

Simu ya kwanza jioni ile haikutoka polisi wala zimamoto. Ilitoka getini. "Sista, kuna bodaboda hapa imebeba mtu analia, na nyuma yake naona kirikuu inakuja na honi na taa. Nifungue?"

Aliyeuliza ni mlinzi wetu, tuliyemwita Baba Godlisten, mzee wa Kibosho aliyekuwa na filimbi shingoni na daftari la magari mkononi. Nikamjibu kama ambavyo ningemjibu siku yoyote ile: "Fungua, Baba Godlisten, unauliza nini?"

Ilikuwa Jumapili, saa moja kasoro jioni, hapa Moshi, mwaka mmoja kabla ya korona. Hospitali sitaitaja, kwa sababu makosa nitakayosimulia mengi ni yangu mwenyewe. Nilikuwa msimamizi wa zamu idara ya dharura: wauguzi wanne, daktari mmoja, intani mmoja, vitanda sita na machela tatu, moja gurudumu lake limekufa siku nyingi. Kosta iliyokuwa ikirudisha watu mjini kutoka kwenye sherehe ya kipaimara ilikuwa imeacha njia na kulala ubavu. Mpaka usiku unakwisha tulikuwa tumepokea watu 31.

Wa kwanza kufika ni wale ambao miguu yao bado ilikuwa inawabeba. Dereva wa bodaboda hana muda wa kuuliza nani kaumia zaidi. Anampakia anayeweza kukaa na kujishikilia. Kwa hiyo robo saa ya kwanza tulipata mkono uliovunjika, midomo iliyopasuka, wanawake waliochubuka magoti, na kijana mmoja mwenye jeraha la kichwa, damu imemshuka mpaka kwenye viatu. Tukawalaza wote. Vitanda sita vikajaa. Yule wa kichwa nikampa muuguzi wangu mzoefu kuliko wote amshone, maana damu ilikuwa inatisha na ndugu zake wawili walikuwa wananipigia kelele sikioni.

Kumbe waliobanwa walikuwa bado kule kule barabarani, wanasubiri wanakijiji wainue gari kwa jeki na magogo. Walitufikia dakika arobaini baadaye, wamelazwa nyuma ya kirikuu juu ya magunia, wamenyamaza. Mmoja alikuwa mvulana wa miaka kumi na minne hivi, shati lake jeupe la kipaimara halina hata tone la damu. Nilimwona. Nikampita. Nilipomrudia nusu saa baadaye tumbo lilikuwa gumu kama ubao, na ukucha wake nilioubonyeza ukabaki mweupe, haurudishi rangi. Bandama ilikuwa imepasuka. Aliingia thieta, lakini asubuhi haikumkuta.

Ngozi ya kichwa ina mishipa mingi, ikichanika huvuja kuliko uzito wa jeraha lenyewe. Dawa yake ya kwanza ni kitambaa safi na mkono wa mgonjwa mwenyewe ukigandamiza. Tumbo linalovujia ndani halina pa kugandamiza. Linataka thieta na damu, na linavitaka mapema. Haya yote niliyajua. Niliyafanyia mtihani chuoni nikafaulu. Lakini kelele ikanishinda, na anayepiga kelele, nimejifunza kwa uchungu, ni mtu ambaye hewa anayo.

Huku nje geti lilikuwa wazi kama nilivyoamuru. Walikuja ndugu kutoka Pasua, Majengo na Njoro, ikaja kwaya nzima ikiwa bado na sare, wakaja na watu ambao hawakuwa na ndugu yeyote humo ila walikuwa na simu za kupigia picha. Magari yao yakapaki palipo wazi, na palipo wazi ni njia ya gari la wagonjwa. Tulipotaka kumhamishia mgonjwa mmoja hospitali kubwa zaidi, gari letu lilikaa dakika ishirini na tano linanguruma mahali pamoja, tukimtafuta mwenye Noah ya kijivu kwa kutangaza namba yake kwa sauti. Karani wa mapokezi, dada aliyekuwa na wiki mbili tu kazini, aliendelea kuuliza PF3 na kadi ya bima, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba katika dharura matibabu hutangulia na fomu ya polisi hufuata.

Halafu majina. Anayeishi Kilimanjaro atanielewa. Tulikuwa na akina Mushi watatu, wawili kati yao Happiness. Wengine wanne hawakuweza kusema neno, nasi tukawaandika "Asiyejulikana", bila namba, wote wanne hivyo hivyo. Mfuko wa damu wa Happiness mmoja ulikaribia kuning'inizwa kwa Happiness mwingine; aliyeuzuia ni mhudumu wa usafi, ambaye alimfahamu mmoja wao kanisani. Na baba mmoja alikaa saa nne akimshika mkono mtu aliyefungwa bandeji uso mzima, akidhani ni mdogo wake. Mdogo wake alikuwa wodi ya pili.

Wiki ile tulikaa kikao. Ndipo nilipojua kwamba hospitali ilikuwa na mpango wa maafa siku zote. Ulikuwa kwenye faili la plastiki ofisini, kurasa nyingi za Kiingereza kizuri, umepigwa mhuri. Ukurasa wa kwanza ulisema mkurugenzi atatangaza hali ya maafa. Jumapili ile mkurugenzi alikuwa harusini Rombo, simu iko kwenye chaji.

Mabishano marefu kuliko yote yalikuwa juu ya sentensi hiyo moja. Nani anatangaza? Madaktari walitaka daktari bingwa. Utawala ulitaka katibu wa hospitali. Mimi, kwa sauti niliyoona inatetemeka, nikasema atangaze msimamizi wa zamu, hata kama ni muuguzi wa diploma, hata kama ni saa tisa usiku, bila kuomba ruhusa. Na akikosea, ikaonekana ni wagonjwa watatu tu, asiandikiwe barua. Sharti hilo la mwisho ndilo lililochukua siku mbili kukubalika. Kwetu mtu huogopa barua kuliko anavyoogopa damu. Tukaweka kipimo chetu cha nyumbani: wagonjwa watano wa rangi nyekundu kwa pamoja, tangaza.

Rangi zenyewe ni mambo yanayojulikana dunia nzima: mwekundu anatibiwa kwanza, njano anafuata, kijani anasubiri, mweusi ni aliyekufa au asiyetarajiwa kupona. Anayeweza kutembea ni kijani, hata kama analia. Asiyepumua, mfungulie njia ya hewa. Akianza kupumua ni mwekundu, asipoanza ni mweusi. Anayepumua zaidi ya mara 30 kwa dakika ni mwekundu. Ukucha ukibonyezwa rangi isiporudi ndani ya sekunde 2, mwekundu. Asiyeweza kufuata amri rahisi, kama "nishike mkono", mwekundu. Waliobaki ni njano. Kwa mtu mmoja hutumii zaidi ya nusu dakika, na hutibu. Unafungua njia ya hewa, unafunga damu inayoruka, unasonga mbele. Hilo la kusonga mbele ndilo linalomtesa muuguzi, kwa sababu tumelelewa kutomwacha mgonjwa. Kadi za rangi zilizochapishwa hatukuwa na bajeti yake. Tulikwenda soko la Memorial tukanunua fulana za mitumba za rangi nne, tukazichana vipande, tukavijaza kwenye ndoo yenye mfuniko. Ndoo ikakaa kibandani kwa Baba Godlisten.

Kitambaa cheusi kilitusumbua. Kwenye karatasi cheusi ni rahisi. Lakini fikiria mama wa Kichagga anafika, anamkuta mwanawe bado anavuta pumzi za mwisho na mkononi ana kitambaa cheusi kilichofungwa na binti wa miaka ishirini na mitatu. Muuguzi mmoja alisema waziwazi kwamba yeye hatakifunga, afukuzwe kazi. Tuliishia kukubaliana hivi: kinafungwa kwenye kifundo cha mguu, chini ya shuka, mgonjwa anapelekwa nyuma ya jengo la mazoezi ya viungo, mbali na macho, na hakai peke yake. Mtu mmoja, hata kama ni mwanafunzi, anakaa naye na blanketi. Na kila kazi ikipungua daktari anakwenda kumpima tena, maana rangi si hukumu ya mahakama, hubadilika.

Tuliamua pia namba ije kabla ya jina. Getini kila majeruhi anaandikwa namba kwa kalamu ya wino mzito kwenye mkono, 1, 2, 3, na namba hiyo ndiyo inayokwenda maabara, thieta, benki ya damu, popote. Jina litakuja likija.

Miaka kadhaa baadaye, mkoani walipotuita kwenye kikao cha kamati ya maafa, nilikwenda nikiwa na mashaka. Nilishahudhuria semina nyingi za hotelini: kalamu, daftari, chai ya saa nne yenye sambusa, posho, picha ya pamoja. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 imeziweka kamati hizi kuanzia juu hadi kijijini, na ni jambo zuri, lakini kamati inaweza kukutana miaka kumi bila zimamoto kujua geti la hospitali linafungukia upande gani.

Safari ile aliyetuongoza alikuwa mkufunzi mmoja mstaafu wa jeshi, mtu wa maneno machache. Hakuleta projekta. Alileta ramani ya mji kwenye karatasi kubwa, mfuko wa mahindi na mfuko wa maharage. Mahindi, alisema, ni watu waliojeruhiwa kidogo. Maharage ni mahututi. "Leo tunapika makande," akasema, akamwaga kiganja kizima juu ya barabara ya Himo. Kila mmoja asukume punje zake kwa kidole, na kila hatua aseme kwa sauti anampigia nani.

Kufumba na kufumbua hospitali ya karibu ilikuwa imezikwa chini ya mahindi na maharage, na hospitali nyingine mbili za mjini hazina hata punje. Hakuna aliyekosea, kila dereva alikuwa amekwenda karibu. Afande wa usalama barabarani akapaswa kunipigia, akatoa simu yake, akapiga namba ya muuguzi mkuu aliyestaafu miaka mitatu iliyopita. Zimamoto wana 114, polisi wana 112, wajawazito na watoto wachanga wana 115 ya m-mama. Kati yetu sisi kwa sisi, tuliokaa meza moja, tulikuwa na namba za watu, si za kazi. Mtu akihama, akifa au akiibiwa simu, mnyororo umekatika. Kutoka siku ile idara yetu ina simu ndogo ya vitufe, ya bei rahisi kabisa, imefungwa mnyororo kwenye meza ya msimamizi wa zamu. Namba yake ni ya kiti, si ya mtu. Kitu cha maana nilichokileta kutoka semina zote za maisha yangu ni hicho.

Mkufunzi hakutusimulia maafa ya ughaibuni. Hakuwa na haja. Tarehe 6 Mei 2017 basi dogo la shule ya Lucky Vincent lilitumbukia korongoni Rhotia, Karatu, wakafa wanafunzi 32, walimu 2 na dereva. Watoto 3 walionusurika walipelekwa kutibiwa mpaka Sioux City, Marekani. Tarehe 1 Februari 2020 hapa hapa Majengo watu 20 walikufa kwa kukanyagana kwenye ibada, wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Tarehe 24 Februari 2024 lori liliparamia magari Ngaramtoni, nje kidogo ya Arusha, wakafa watu 25, wageni wa mataifa mengine wakiwemo. Tarehe 28 Juni 2025 magari mawili ya abiria yaligongana Sabasaba, wilaya ya Same, yakawaka moto, na zaidi ya watu 35 wakapoteza maisha.

Kwa kila tukio alimwaga makande upya na kuuliza swali moja. Kwa Majengo: aliyebanwa kifua kwenye umati anatoka bila jeraha, bila damu, na hewa haiingii, muuguzi anayetafuta damu kwa macho atampita. Nilitazama chini, nikauona tena weupe wa shati lile. Kwa Same: miili iliyoungua haitambuliki kwa sura, inabidi ndugu watoe sampuli za vinasaba, je, mochwari yenu ina nafasi ya miili mingapi, na hao ndugu watakaa wapi siku zote za kusubiri? Kwa Ngaramtoni: nani atazungumza na majeruhi asiyejua Kiswahili? Kwa Rhotia alikaa kimya kidogo, halafu akauliza wazazi mia watasimama wapi. Hakuna aliyejibu haraka.

Jibu letu, baada ya siku kadhaa, lilikuwa kanisa. Ng'ambo ya barabara kuna kanisa lenye ukumbi, mabenchi na choo. Tulizungumza na mchungaji, na shehe wa msikiti wa jirani akakubali kutuma watu wake pia. Ndugu wote wanaelekezwa huko kutoka getini, na kila nusu saa mtu mmoja kutoka hospitali anavuka barabara na orodha. Hata kama hana jipya, anavuka. Mtu akijua kuna atakayekuja saa mbili na nusu, hatavunja geti saa mbili na dakika kumi.

La damu nalo niliseme kidogo. Ajali ikitangazwa, watu wa Moshi ni wakarimu, wanakuja kujipanga kutoa damu usiku huo huo. Lakini damu inayotolewa sasa haiwezi kuwekwa sasa. Lazima ipimwe ukimwi, homa ya ini na kaswende kwanza. Inayookoa usiku wa ajali ni ile iliyotolewa wiki iliyopita. Kwa hiyo tunawashukuru, tunaandika majina na simu, tunawaomba waje Alhamisi. Wengi hawarudi. Wanaorudi tunawajua kwa sura.

Zoezi lenyewe la vitendo lilifanyika Jumamosi moja ya mwezi wa kumi. Wanafunzi wa uuguzi arobaini walijipaka rangi nyekundu ya chakula iliyochanganywa na glukosi, wengine waliigiza kupita kiasi, mmoja alikufa mara mbili. Maelekezo ya Baba Godlisten yalikuwa mafupi: gari lenye majeruhi linaingia kwa geti la juu na kutokea la chini, halisimami zaidi ya kushusha, gari lisilo na majeruhi haliingii.

Saa nne kamili mgeni rasmi akafika. Gari jeupe refu, bendera mbele, msafara nyuma. Dereva akapiga honi. Baba Godlisten akasogea dirishani, akasaluti vizuri kabisa, akauliza: "Samahani, Mheshimiwa ana majeraha?"

Nilikuwa hatua kumi kutoka pale na moyo ulinishuka. Mlinzi wa mkuu huyo alitaka kushuka. Baba Godlisten hakuinua sauti wala hakuinua kizuizi. Akanyoosha mkono kuelekea kanisani: "Wasio na majeraha ni kule ng'ambo, kuna kivuli na maji ya kunywa." Kikapita kimya. Kisha Mheshimiwa akacheka, akashuka, akavuka barabara kwa miguu. Katika hotuba yake baadaye alisema mambo mengi ambayo siyakumbuki.

Wiki chache baada ya zoezi lile Noah na lori viligongana njia ya Boma Ng'ombe. Kumi na wanne, usiku wa saa nne. Nilitangaza kwa ile simu ya mnyororo kabla hata sijawaona, kwa neno la afande aliyenipigia kutoka eneo la ajali. Wenye kijani walikaa kwenye mabenchi ya kliniki ya mama na mtoto, wamefungwa vitambaa, wanalalamika, na kulalamika kwao kulinifurahisha. Mama mmoja mwenye tumbo gumu alikuwa thieta ndani ya dakika kumi na nane.

Hatukupatia yote. Niliita watumishi wote waliokuwa likizo na mapumziko, na wakaja, Mungu awabariki, kila mtu na kanga yake. Ilipofika saa kumi na moja alfajiri wote walikuwa wamechoka kwa pamoja, na zamu ya asubuhi haikuwa na mtu. Ningewarudisha nusu wakalale. Pia hakuna aliyekumbuka chakula. Tulikunywa chai ya rangi bila kitu kutoka saa nne mpaka jua lilipochomoza. Na kulipopambazuka nilimkuta Baba Godlisten kibandani, ndoo ya vitambaa katikati ya miguu, analia bila sauti. Yeye ndiye aliyekuwa amewaona wote kumi na wanne kabla yetu, akiwa peke yake na tochi. Tulikuwa na mpango wa kuzungumza na madaktari na wauguzi baada ya tukio. Mlinzi hakuwamo kwenye mpango.

Siku hizi nafanya kazi Arusha. Kuna uwanja mpya wa watazamaji 30,000 kwa ajili ya AFCON ya 2027, na vikao ni vingi, na nimeshauliza swali la mageti mara nyingi mpaka wenzangu wamenipa jina la utani: Sista Geti. Baba Godlisten amestaafu, analima kahawa na migomba huko Kibosho, na hunipigia kila nikisikika kwenye redio.

Mwezi uliopita nilipita Moshi, nikaingia pale zamani kusalimia. Getini kulikuwa na kijana wa kampuni ya ulinzi, sare mpya, mpole. Ndoo ilikuwepo. Alikuwa ameigeuza, anaikalia. Vitambaa alivitumia kufutia vioo vya kibanda. Vyekundu vilikuwa vimekwisha.

"Shikamoo, Sista," akasema, akainuka kunipisha. "Una mgonjwa?"

"Marahaba. Sina," nikamwambia. "Nisaidie kiti kingine kama kipo, kaka. Nina saa moja kabla ya gari langu."